Mpira Uliogusa Chokaa

Uongo ndio kosa litakalofichuliwa hapa, nao ni uongo wa neno moja. Sikuusema mahakamani wala kanisani. Niliusema kwenye uwanja wa tenisi wa udongo mwekundu, alasiri, mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai kwenye viti vya plastiki. Neno lenyewe ni "Nje." Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka ishirini huku Kaaga, nimekuwa mzee wa kanisa, na nimewarudisha nyumbani wanafunzi walionakili majibu ya wenzao, nisisikilize kilio chao wala cha mama zao. Yafaa msomaji ajue mapema ni mtu wa namna gani anayemsimulia.

Klabu yetu ya Meru ilianzishwa na maofisa wa kikoloni. Uwanja wake ulitengenezwa kwa udongo wa vichuguu, ambao akina babu zetu waliuchimba na kuubeba kwa amri, wakauponda, wakauchekecha, wakaumwagilia maji na kuushindilia mpaka ukawa mgumu. Udongo huo hushikamana lakini hauwi jiwe. Mpira ukiangukia juu yake huacha alama ndogo, kama kidole gumba kilichobonyezwa kwenye unga. Mistari yake haikuwa ya rangi bali ya chokaa iliyokorogwa kwa maji, na mpira uliogusa mstari ulirusha vumbi jeupe ambalo mtu mwenye macho mazuri aliweza kuliona hata akiwa upande wa pili.

Baba yangu alikuwa tarishi. Alipeleka barua klabuni, lakini hakuruhusiwa kuvuka ua wa kaiyaba wenye miiba mirefu, kwa hiyo alisimama nje akingoja ofisa amalize mchezo. Hapo ndipo alipojifunza hesabu yao ya kumi na tano, thelathini, arobaini, bila kuelewa kwa nini watu wenye shule walihesabu kwa kurukaruka hivyo. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba hapakuwa na refa. Kila mchezaji alikuwa mwamuzi wa upande wake. Mpira ukianguka kwako, wewe ndiwe unayesema kama uko ndani au nje, na mwenzako anapokea neno lako.

"Watu wale," aliniambia siku moja tukipalilia migomba, "walichora mipaka ya mashamba yetu wakaandika walivyotaka. Lakini ndani ya ile kaiyaba, mtu alijinyima pointi akiona mpira umegusa mstari. Nilikuwa najiuliza, huo ukweli wanauvulia wapi wakitoka?"

Nililikumbuka swali hilo nilipojiunga na klabu, kijana mwalimu mwenye viatu vya turubai vya kuazima. Wakati huo maofisa wa Kiafrika walikuwa wamekwisha kuwa wenyeji. Waliacha mambo mengi ya wakoloni, lakini nguo nyeupe hawakuziacha; zilifuliwa kwa buluu na kupigwa pasi hata kama mwenye kuzivaa alikuja kwa miguu kutoka Kanyakine. Hawakuacha pia desturi ya kila mtu kuamua upande wake. Tena waliikaza. Kwetu ilikuwa mwiko mchezaji kuvuka neti kwenda kukagua alama. Kuvuka neti ni kumwita mwenzako mwongo mbele ya watu, na wazee wa klabu walisema aliyevuka asirudi tena. Niliipenda sheria hiyo. Niliwahubiria wanafunzi wangu kwamba hiki ndicho tulichokirithi tukakifanya bora zaidi ya waliotuachia.

Kila mwaka, shule zikifungwa mwezi wa nane, wachezaji wa Embu walikuja kwetu, au sisi tukaenda kwao. Huko ndiko nilikompata rafiki yangu. Alikuwa mpima ardhi wa serikali, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama mbele kama mtu anayetafuta kitu majanini. Kwa miaka yake ya kazi alikuwa ameweka bikoni, yale mawe ya mpaka, katika nusu ya mashamba ya miteremko ya Embu, na hata baada ya kustaafu koo zilimwita zikigombana ili aende aonyeshe jiwe lilipokuwa. Hakuwa na haja ya ramani. Alisimama, akakunja jicho moja, akasema, "Chimbeni hapo," nao wakalipata.

Tuliitana Jirani. Kila tulipokutana alianza yeye.

"Jirani, umetafuna miraa ngapi leo ndio upate mbio?"

"Chache kuliko majani ya muguka wenu uliyo nayo shavuni."

"Hii ni jino linauma, bwana. Jino la Kikristo kabisa."

Kisha tukacheza, nami nikamshinda. Sikumbuki mwaka hata mmoja alionishinda. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, ila alikosa subira, nami subira ndiyo silaha yangu pekee. Kila mara alinipa mkono juu ya neti na kusema, "Mwaka ujao, nitakuzika." Niliona kushindwa kwake ni sehemu ya urafiki wetu, kama mtu anavyoona kiti chake cha kawaida mezani.

Mwaka ninaouandika hapa alifika amekonda. Tulikaa kwenye benchi tukifunga viatu, naye akanena jambo bila kunitazama.

"Baba yangu alipofuka, hakutuambia. Alificha. Tulijua siku alipoingia kwenye kahawa ya jirani na panga, akakata miti akidhani ni yake. Miti mizima, Jirani, yenye matunda."

"Na wewe macho yako yana nini?"

"Daktari anasema hayana kitu. Ati ni umri tu. Lakini daktari aliniwekea herufi ukutani, na ukuta haukimbii." Akacheka kidogo. "Mimi namwamini mpira. Nikiuona mpira vizuri leo, nitajua bado niko. Nikikosa kuuona, basi, nitaacha kuwaonyesha watu mipaka. Siwezi kukata kahawa ya mtu."

Nilisikia maneno hayo yote. Nayaandika hapa kama alivyoyasema ili nisipate mahali pa kujificha. Nilijua kilichokuwa kimewekwa juu ya mchezo ule.

Alicheza siku ile kama nilivyokuwa sijawahi kumwona akicheza. Aliuona kila mpira. Tuligawana seti mbili za kwanza, na katika ya tatu alinitangulia mpaka ikabaki pointi moja tu amalize. Watu wa Embu walisimama na vikombe mikononi. Mmoja wao akapaza sauti, "Mwalimu, leo unarudi darasani kama mwanafunzi!" Watu wetu wakacheka. Nami, mtu mzima mwenye mvi, nilihisi uso ukiniwaka.

Aliupiga mpira mrefu, wa chini, kuelekea kona ya nyuma upande wangu wa kushoto. Sikuufikia. Niliuona ukianguka juu ya mstari. Nasema juu ya mstari, si karibu nao. Chokaa iliruka.

"Nje," nikasema.

Rafiki yangu alisimama upande wake, raketi ikining'inia.

"Jirani, una hakika? Nimeona chokaa ikiruka."

"Ni vumbi tu. Nina hakika."

Nikapita juu ya ile kona kana kwamba narudi mahali pangu, nikaburuta kiatu. Alama ikafutika, na chokaa ya pale ikachanganyika na udongo mwekundu. Hakuvuka neti. Mtu mwingine angalau angekunja uso. Yeye alitazama kona ile kwa muda, akapangusa macho yake kwa kiganja, jicho moja kisha la pili, akasema taratibu, "Basi ni nje." Baada ya hapo hakupata pointi nyingine. Mipira iliyokuwa mbele yake wazi aliiacha ipite, akiniuliza kila mara, "Hiyo ilikuwa wapi?" Nikashinda. Tulipopeana mkono juu ya neti hakusema chochote kuhusu mwaka ujao.

Nyuma ya kona ile, hatua tano hivi kutoka mstarini, alikuwa ameketi mwanamke mtunza uwanja juu ya ndoo aliyoipindua. Alikuwa mama mtu mzima kutoka upande wa Kiirua, mjane, mwenye viatu vya mpira na leso iliyofungwa kichwani. Kila asubuhi aliburuta gunia juu ya udongo kulainisha alama za jana, kisha akavuta kamba kutoka pembe hadi pembe na kupaka mistari upya kwa brashi, akiwa amepiga magoti. Sisi wanachama tulimsalimu na kumpita. Siku ile niligeuka nikakuta ananitazama. Akainama, akaendelea kukoroga chokaa yake.

Jumamosi iliyofuata nilikuta uwanja umelainishwa vizuri na mistari yote iking'aa, isipokuwa pale kwenye kona. Palikuwa na pengo la upana wa kiganja. Nilidhani amesahau. Wiki iliyofuata pengo lilikuwapo, na iliyofuata pia. Katibu wa klabu alimwita nami nikiwa nimesimama hapo.

"Mama, mbona hapa hupaki?"

"Hapo pana mpira," akajibu.

"Mpira gani? Sioni mpira."

"Wewe hukuwa unacheza, mwanangu. Mwenyewe akiniambia nipake, nitapaka."

Katibu alicheka, akasema mama amezeeka, akaenda zake. Mimi sikucheka. Ningeweza kumwambia apake. Neno moja tu, nalo lingekuwa uongo ule ule kwa mara ya pili. Sikulisema. Lakini la kweli pia sikulisema. Nilihamia upande wa pili wa neti, na tulipobadilishana pande nilicheza nikiitazama miguu yangu.

Huku nyuma, habari za Embu zilinifikia kwa simu, kidogo kidogo. Rafiki yangu hajiungi tena na wenzake. Rafiki yangu ametoa raketi zake kwa shule. Rafiki yangu ameacha kuendesha gari. Mara moja nilimpigia mwenyewe, nikamuuliza juu ya mvua, akaniambia juu ya mvua. Kabla ya kukata simu alisema, "Nashukuru siku ile uliniambia ukweli, Jirani. Watu wengine wangenionea huruma." Nilibaki nimeishika simu iliyokwisha kukatika. Darasani nilikuwa na somo la mikataba ya wakoloni na viongozi wetu wasiojua kusoma, nikalifundisha lote kwa sauti kali.

Miezi ilipita. Mkutano wa klabu ukaamua kwamba uwanja wa udongo, wa mwisho uliosalia, utandazwe kabro, yale mawe ya saruji, uwe maegesho, kwa sababu wageni wa harusi na wala nyama walikuwa wengi kuliko wachezaji. Sikupinga. Naona aibu kusema kwamba nilipata nafuu. Kabro ikishatandazwa, pengo lingezikwa.

Jumamosi ya mwisho nilikwenda kuchukua viatu vyangu kwenye kabati. Yule mama alikuwa anaosha brashi kwenye debe.

"Mwalimu," akasema, bila kuinua kichwa.

"Mama."

"Jumatatu wanaleta lori la mawe."

"Nimesikia."

"Wakishayatandaza, sitakuwa tena na mahali pa kukungojea."

Nilitaka kumkaripia. Nilifungua kinywa kwa sauti ile ninayowakemea nayo watoto, lakini yeye hakuwa amemaliza. Akaendelea, akikung'uta brashi. "Sikumwambia mtu. Si kazi yangu kumwaibisha mwalimu wa watu. Lakini mimi ndiye huchora ule mstari, kwa magoti haya. Nilijua umeguswa, na wewe ulijua. Yule mzee wa Embu peke yake ndiye hajui. Sasa nani alikuwa kipofu pale?"

Sikuenda nyumbani. Niliendesha gari moja kwa moja kwenda Embu, nikapita Nkubu na kona za Chuka, nikifanya mazoezi ya maneno kama mwanafunzi anayekwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa na sentensi nzuri zenye mpangilio, na nilipofika sikutumia hata moja.

Rafiki yangu alikuwa barazani na mkewe, wakipukuchua maharagwe kwenye uteo. Mkewe alisimama kwa furaha. "Karibu, shemeji! Huyu mtu hakusemi vibaya hata siku moja. Watoto wakidanganya hapa, anawaambia, mngemwona yule wa Meru, akisema nje ni nje."

Nilikataa kiti, na nikiwa nimesimama nikamwambia rafiki yangu, mbele ya mkewe, kwamba mpira ulikuwa ndani. Kwamba chokaa iliruka. Kwamba aliuona vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwapo, na mimi nilifuta alama kwa kiatu changu.

Mkewe aliweka uteo chini. Rafiki yangu alishika punje moja ya haragwe, akawa anaigeuza kati ya vidole.

"Unasema niliiona."

"Uliiona."

"Chokaa."

"Chokaa."

Aliinuka, akaenda mpaka ukingo wa baraza, akatazama ng'ambo ya bonde kwenye mashamba ya chai. Akakunja jicho moja kama zamani. "Ule mgrevilea wa tatu," akasema, "una kiota. Ndege ameingia sasa hivi." Nilitazama. Sikuona kiota wala ndege, kwa maana macho mabovu yalikuwa yangu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani anacheka mpaka aliposhika nguzo.

Mkewe ndiye aliyeniambia yaliyobaki, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma. Mdogo wake rafiki yangu alifariki, akaacha mjane. Jirani wa mjane alidai mpaka. Wazee na chifu walikuja barazani hapa wakamwomba aliyeweka bikoni aende aonyeshe lilipo. Waliomba mara mbili. Akawaambia macho yake si ya kuaminiwa tena, na kwamba afadhali akae kimya kuliko kukata kahawa ya mtu. Jiwe halikupatikana. Mjane akapoteza mistari mitatu ya michai, ile aliyokuwa akiichuma kusomeshea watoto, na jirani ameshaizungushia waya.

"Nilijua lilipo," rafiki yangu akasema, bado amenipa mgongo. "Nililala kitandani nikiliona. Nikajiambia, hata ule mpira uliuona vilevile."

Nilimwomba msamaha. Ni neno ambalo nimewalazimisha watoto wengi kulitamka, na sikuwa nimejua lilivyo jepesi.

"Mpira nakusamehe," akasema. "Mpira ulikuwa wangu. Ile chai si yangu, siwezi kukusamehea." Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umekauka. "Miezi minane, Jirani. Ulikuwa unangoja nini?"

Nilijitolea kwenda kwa chifu kusema kosa ni langu. Akakubali, akataja siku, nami nilikwenda nikasema yote mbele ya wazee wa ukoo wake. Rafiki yangu alikuwapo pia. Aliwatembeza mpaka mahali, akakunja jicho, akasema wachimbe. Jiwe lilikuwapo. Lakini wazee walisema shauri limekwisha kuandikwa, na anayetaka kulifufua aende mahakamani Embu, na mjane akasema hana nguvu za kwenda huko. Alinitazama mara moja tu, akaniuliza, "Ati ilikuwa mchezo?" Nikasema ndiyo. Akaondoka na kikapu chake.

Siku hiyo rafiki yangu hakunipa mkono. Alisema kwa adabu, kama anavyosema na mgeni, "Safari njema, mwalimu." Hajapokea simu yangu tangu hapo. Sitamlaumu. Nimeacha uzee wa kanisa, waumini wakadhani ni kwa sababu ya kazi nyingi, nikawasahihisha. Baba yangu aliuliza wale watu waliuvulia wapi ukweli wao wakitoka nje ya kaiyaba. Angalau wao, kwa masimulizi yake, waliuvua mlangoni. Mimi niliuvua ndani, nikiwa nimevaa nyeupe.

Jumatatu ile ya lori, siku mbili baada ya safari yangu ya kwenda kuungama Embu, nilipita klabuni kabla ya shule. Mawe yalikuwa yamemwagwa langoni na vijana wa kazi wakingoja fundi. Yule mama alikuwa kwenye kona. Nikamwambia, "Nimemwambia, Mama. Paka." Hakunipongeza. Alivuta kamba, akapiga magoti, akachovya brashi, akaziba pengo kwa mkupuo mmoja ulionyooka, juu ya uwanja ambao hakuna atakayeuchezea tena. Nilimwinua kwa mkono. Kwa miaka yote ile sikuwa nimewahi kumwita kwa lile jina walilompa wachezaji, nikiona si heshima ya mwalimu. Siku hiyo nililitamka, naye akaitika: Mama Chokaa.